Nadharia katika Elimu ya Uendeshaji: Huzaliwaje na Hupimwaje?

Neno "nadharia" limekosa bahati katika mazungumzo yetu ya kila siku. Mtu akitoa pendekezo lisilotekelezeka huambiwa kwamba hayo ni ya nadharia tu. Na meneja wa kiwanda amwonapo mhadhiri akiingia langoni na orodha yake ya maswali, aghalabu hudhani kuwa amekuja mtu wa maneno kuwapotezea wakati watu wa kazi. Lakini meneja huyo huyo, aamuapo kwamba msimamizi mmoja ataongoza watu kumi wala si arobaini, anatumia nadharia. Tatizo ni kwamba hajui ameipata wapi, na hajapata kuipima.

Katika makala haya nitajaribu kueleza jinsi nadharia inavyojengwa katika utafiti wa mashirika na uendeshaji wake. Nitatumia mfano mmoja mashuhuri kutoka Uingereza, na mwingine mdogo nilioushuhudia mwenyewe hapa nyumbani. Jambo ninalotaka msomaji alizingatie ni hili: nadharia nzuri mara nyingi huzaliwa pale ambapo mambo yanakataa kutii matarajio yetu, na mtafiti akathubutu kuuliza kwa nini.

Yasiyo nadharia

Tuanze kwa kuondoa yale yanayodhaniwa kuwa nadharia kumbe sivyo. Mwaka 1995 wataalamu wawili wa Marekani, Robert Sutton na Barry Staw, waliyataja mambo matano ya namna hiyo. La kwanza ni majina ya wataalamu waliotangulia, hata yakijaza kurasa. La pili ni takwimu. La tatu ni orodha ya mambo yanayopimwa, kama vile ukubwa wa shirika au umri wake. La nne ni michoro yenye visanduku na mishale. La tano ni nadharia tete, yaani kauli inayotabiri kwamba jambo hili litaambatana na lile. Yote matano yana manufaa, lakini hakuna hata moja ambalo, likiwa peke yake, linajibu swali la kwa nini.

Mfano utalifafanua jambo hili. Mvuvi wa pwani anajua kwamba maji ya bamvu huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na kwamba kati ya nyakati hizo huja maji mafu. Ujuzi huo ni utabiri wa thamani kubwa, na mtu anaweza kuishi kwa huo maisha yake yote. Nadharia ndiyo inayoeleza kwamba katika siku za bamvu jua na mwezi huwa katika mstari mmoja na dunia, hata nguvu zao za kuvuta maji zikasaidiana. Mwenye maelezo hayo anaweza kufikiri hata juu ya pwani ambayo hajapata kuiona, na anaweza kutambua ni wapi mambo mengine, kama umbo la ghuba, yatabadili matokeo.

Vivyo hivyo katika elimu ya uendeshaji. Mwaka 1989 David Whetten alieleza kwamba nadharia kamili hujibu maswali haya: ni mambo gani yanayohusika, yanahusiana vipi, kwa nini yanahusiana hivyo, na ni kwa nani, wapi na lini maelezo hayo yanafaa. Swali hili la mwisho ndilo linalosahauliwa mno, na ndilo lenye kuleta hasara.

Viwanda mia vya Essex

Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, elimu hii ilitawaliwa na kanuni zilizodhaniwa kufaa mahali popote. Mfaransa Henri Fayol, aliyepata kuwa mkuu wa kampuni ya migodi, alitangaza kanuni 14 mwaka 1916. Mwingereza Lyndall Urwick alifundisha kwamba mkubwa wa kazi asiwe na watu zaidi ya 5, au 6 kwa kuzidi sana, ambao kazi zao zinaingiliana. Kanuni hizo zilitokana na uzoefu wa watu wenye busara, lakini hazikuwa zimepimwa vya kutosha kwa kulinganisha viwanda vingi.

Kuanzia mwaka 1953, Joan Woodward (1916–1971) aliongoza kikundi cha watafiti katika chuo kimoja cha ufundi huko Essex, mashariki ya London. Walikusanya habari za viwanda 100 vya eneo hilo. Waliuliza kila kiwanda kina ngazi ngapi za mamlaka kutoka juu hadi chini. Msimamizi mmoja ana watu wangapi. Maagizo hutolewa kwa maandishi au kwa mdomo. Na biashara inastawi kiasi gani. Ilitazamiwa kwamba viwanda vinavyofuata kanuni zilizokuwa zikifundishwa ndivyo vitakavyoonekana kustawi.

Haikuwa hivyo. Viwanda vingine vilizifuata kanuni vikadorora, na vingine havikuzijali vikastawi. Hata ukubwa wa kiwanda haukueleza tofauti hizo.

Mtafiti anapofika hapo huwa na njia tatu. Anaweza kudai kwamba takwimu zake ni mbovu, akazitupa. Anaweza kusema kwamba uendeshaji hauna kanuni, na kila mtu na bahati yake. Au anaweza kuuliza kama viwanda hivyo vinatofautiana kwa jambo ambalo yeye hakulitilia maanani. Woodward alishika njia ya tatu. Aliviainisha viwanda upya kwa kuangalia namna vinavyotengeneza vitu vyao, akapata makundi makuu matatu: vinavyotengeneza kitu kimoja kimoja, au vichache, kwa agizo la mteja, vinavyotengeneza vitu vinavyofanana kwa wingi, na vile ambavyo mali hupita mfululizo katika mitambo bila kukatika, kama usafishaji wa mafuta au utengenezaji wa kemikali.

Alipozipanga takwimu zile zile kwa makundi hayo, mpangilio ulijitokeza. Idadi ya kati ya ngazi za mamlaka ilikuwa 3 katika kundi la kwanza, 4 katika la pili, na 6 katika la tatu. Msimamizi wa chini alikuwa na watu wengi zaidi katika kundi la pili kuliko katika makundi mengine. Aidha, viwanda vilivyostawi vilikuwa vile vilivyokaribia kiwango cha kati cha kundi lake. Matokeo ya kwanza yalitangazwa mwaka 1958, na kitabu kamili kikatoka mwaka 1965.

Lakini mpangilio peke yake bado si nadharia. Maelezo yake ni haya. Panapotengenezwa kitu kimoja kimoja, kila agizo huja na matatizo yake. Fundi na mkuu wake hawana budi kuzungumza ana kwa ana, na ngazi nyingi zingewatenganisha. Panapotengenezwa vitu kwa wingi, kazi imekwisha kugawanywa katika vipande vidogo vinavyojirudia, hivyo mtu mmoja anaweza kusimamia wengi, na maandishi yanaweza kuchukua nafasi ya mazungumzo. Katika mitambo ya mfululizo kazi kubwa hufanywa na mitambo yenyewe, na kosa moja laweza kugharimu mali nyingi. Kwa hiyo huhitajika wataalamu wengi wa kuamua na vikundi vidogo vya kuangalia.

Yafaa tuzingatie pia kilichozipata kanuni za zamani. Hazikufutwa. Ilionekana kwamba ziliambatana na ustawi katika viwanda vya kundi la pili, yaani vya utengenezaji wa wingi. Kanuni iliyodhaniwa kuwa ya dunia nzima ilipewa mpaka wake.

Nadharia nayo hupimwa

Hata nadharia ya Woodward haikuachwa ipumzike. Katika miaka ya 1960 watafiti wa Birmingham, wakiwemo Derek Pugh na David Hickson, walichunguza mashirika ya aina mbalimbali, wala si viwanda peke yake. Waliona kwamba ukubwa wa shirika ulihusiana na muundo wake kuliko ilivyohusiana tekinolojia. Katika maandishi yao ya mwaka 1969 walipendekeza kwamba tekinolojia huathiri hasa sehemu zilizo karibu na kazi yenyewe ya utengenezaji. Katika shirika dogo karibu kila sehemu iko jirani na mashine. Katika shirika kubwa ziko idara nyingi ambazo hazisikii hata mngurumo wake. Hivyo ndivyo elimu hii inavyosonga mbele: mmoja huchora mpaka, na mwingine huuchora upya kwa usahihi zaidi.

Swali la msimamizi

Niliporudi nyumbani na shahada ya udaktari kutoka ng'ambo, nilikuwa na orodha ya maswali iliyofuata mfano wa zile za Uingereza. Nilikwenda nayo katika kiwanda kimoja cha kuchambua pamba. Nilimwuliza msimamizi mmoja, mzee wa miaka mingi kazini, ana watu wangapi chini yake. Alinitazama kidogo, akasema, "Mwezi gani, mwalimu?"

Karatasi yangu ilikuwa na nafasi ya jibu moja tu. "Mzee, nipe wastani," nikamwambia. Akanipa kwa adabu, nami nikaandika.

Katika taarifa niliyouandikia uongozi wa kiwanda nilieleza kwamba wako watu wasio na cheo waliojiweka kati ya wasimamizi na vibarua, na kwamba waondolewe ili amri ishuke moja kwa moja. Msimu uliofuata pendekezo langu lilitekelezwa. Pamba ilirundikana uani, vibarua wa zamu ya usiku wakapungua wiki hadi wiki, na wakulima waliokuwa wakingoja malipo yao wakazidi kungoja. Kabla msimu haujaisha watu wale walirudishwa kimya kimya. Kosa lilikuwa langu, lakini gharama yake ililipwa na wengine.

Ndipo nilipolirudia jibu la mzee yule katika daftari langu. Kiwanda kile kilikuwa na maumbo mawili katika mwaka mmoja. Nje ya msimu walikuwepo mafundi wachache wakikarabati mashine, wakizungumza moja kwa moja na mkuu wao, mfano wa kundi la kwanza la Woodward. Msimu ulipofunguliwa kazi iligeuka kuwa ya wingi, usiku na mchana, na vibarua walikuja kwa vikundi, kila kikundi kikiongozwa na mtu wa kijiji chao aliyewaleta. Msimamizi alizungumza na viongozi hao, nao wakawajibika kwa watu wao. Ile niliyoiona kuwa ngazi ya ziada ilikuwa ndiyo inayoshika kazi, ijapokuwa haikuandikwa katika mchoro wowote wa madaraka.

Je, tukio hili ni nadharia? La. Ni tukio moja tu, nalo laweza kuelezwa kwa namna mbili. Yawezekana kwamba msimu ndio unaoleta haja ya viongozi hao, kwa kuwa kiwanda hakina wakati wa kuwazoea watu wapya. Yawezekana pia kwamba msimu hauhusiki, bali watu wanaotoka kijiji kimoja humwamini mtu wao kuliko karatasi ya mwajiri. Maelezo yote mawili yanakubaliana na niliyoyaona. Basi yatupasa kutafuta mahali ambapo hayawezi kukubaliana.

Viwanda vya sukari vyaweza kutusaidia. Navyo huwa na msimu wa kusaga miwa na kipindi cha matengenezo, lakini mitambo yake ni ya mfululizo. Tukipata kiwanda cha sukari ambacho wafanyakazi wake wengi ni wa kudumu, na bado tukawakuta viongozi wasioandikwa, maelezo ya msimu wa kuwazoea watu wapya yatakuwa yametikisika. Kwa upande mwingine, tukiwakuta viongozi hao hao katika kiwanda cha saruji kinachofanya kazi mwaka mzima, ila kwa vibarua walioletwa kwa vikundi, basi maelezo ya uaminifu yatapata nguvu. Hiyo ndiyo maana ya kupima nadharia: kuipeleka mahali ambapo inaweza kushindwa.

Njia ya kufuata

Kazi hii ina taratibu zake. Mwaka 1967 Barney Glaser na Anselm Strauss walitetea njia ya kujenga nadharia kutokana na habari zilizokusanywa, badala ya kuja na nadharia iliyokwisha kukamilika na kutafuta habari za kuithibitisha. Mwaka 1989 Kathleen Eisenhardt alifafanua jinsi ya kujenga nadharia kwa kuchunguza mashirika machache kwa undani, akashauri kwamba kati ya 4 na 10 kwa kawaida yanatosha. Idadi hiyo haimshindi mtafiti wa nchi isiyo na fedha nyingi za utafiti. Kinachohitajika zaidi ni subira, daftari linaloandikwa kwa uaminifu, na utayari wa kurudi pale pale mara ya pili na ya tatu.

Wahenga walituasa: usisafirie nyota ya mwenzio. Hawakusema kwamba nyota hazina kazi. Nahodha hana budi kuzijua, lakini ajue pia yuko bahari gani na mwezi gani. Tukizitupa nadharia za wengine kwa sababu tu zimetoka ng'ambo, tutapoteza kazi ya miaka mingi. Tukizipokea bila kuuliza mipaka yake, tutafanya kosa nililolifanya mimi.

Kwa hiyo nawaomba mameneja wasiwafungie milango watafiti, bali wawaulize swali moja kabla ya kukubali ushauri wao: maelezo yenu yanafaa wapi, na yanakoma wapi? Nao wanafunzi wetu, wapatapo jibu lisiloingia katika karatasi yao ya maswali, wasimlazimishe mzee wa watu atoe wastani. Waliandike jibu hilo kama lilivyo, kisha waibadili karatasi.