Utafiti wa Afya Unapouliza Majina ya Watu Wako



Majuma machache yaliyopita, baada ya Misa ya asubuhi, mama mmoja alinisubiri mlangoni mwa sakristia. Watafiti wa afya walikuwa wamepita kijijini kwao, wakamwomba ataje watu watano anaowaendea akiwa na shida, kisha aeleze habari za kila mmoja: umri, kazi, huonana mara ngapi, hali yake ya afya. Alimtaja wifi yake, na akasema hata dawa anazotumia, siri aliyoaminiwa yeye peke yake. Akaniuliza: "Baba, nimewasaidia madaktari, au nimemsengenya wifi yangu?"

Kwanza tuondoe utata. Utafiti wa namna hii huitwa wa mitandao ya kijamii, lakini hauhusu Facebook wala WhatsApp. Mtandao unaokusudiwa ni ule wa damu, urafiki, ujirani na mapenzi, uliokuwepo kabla ya simu. Mtafiti huanza na swali linalozaa majina. Nchini Marekani, kwa mfano, mwaka 1985 utafiti mmoja mkubwa wa jamii uliwauliza watu ni akina nani waliozungumza nao mambo muhimu katika miezi sita iliyotangulia. Kisha huulizwa sifa za waliotajwa, na kama wao kwa wao wanajuana. Majibu yakichorwa, watu huwa nukta na mahusiano huwa mistari.

Faida yake ilionekana wazi Likoma, kisiwa kidogo cha Malawi katika Ziwa Nyasa, kilicho karibu na pwani ya Msumbiji (ndicho chenye lile kanisa kuu la Kianglikana ambalo ukubwa wake humshangaza mgeni). Mwaka 2005 na 2006 watafiti wakiongozwa na Stéphane Helleringer na Hans-Peter Kohler walikusanya taarifa za mahusiano ya kimapenzi ya vijana wa vijiji saba, ili kuelewa jinsi VVU vinavyoenea. Kwa kuwa maswali yalikuwa ya aibu, waliohojiwa waliyasikiliza kwa hedifoni na kuyajibu wenyewe kwenye kompyuta, pasipo jirani kusikia. Majina yalihitajika, kwani bila majina haiwezekani kutambua kwamba rafiki wa huyu ndiye mume wa yule. Ikabainika kwamba nusu ya vijana waliohojiwa ambao walikwisha kuanza mahusiano waliungana katika mnyororo mmoja mkubwa. Mke mwaminifu, asiyemjua mwanamume mwingine yeyote, aweza basi kuunganishwa na watu asiopata hata kuwaona. Jambo hilo halionekani kwa kumpima mtu mmoja mmoja.

Sidharau, basi, kazi ya watafiti. Lakini anayehojiwa ametia sahihi fomu ya ridhaa. Anayetajwa hayupo, wala hakuulizwa. Hapo ndipo ugumu ulipo. Hata majina yakibadilishwa kuwa namba, katika kijiji kidogo nukta yenye sifa za "mjane, mwalimu, ana watoto sita" haihitaji jina. Hapa Tanzania utafiti wa afya huhitaji kibali cha maadili, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 huzihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Sheria hiyo, hata hivyo, haikai barazani pamoja nasi tunapojibu.

Nilimjibu mama yule kwamba hakusengenya. Katekisimu, katika namba 2477, huzungumzia kufunua makosa ya mtu bila sababu ya haki, na ugonjwa si kosa. Kinachomhusu ni namba 2491, juu ya siri ambazo kufichuliwa kwake kwaweza kumdhuru mwenzetu: hizo hazitolewi pasipo sababu nzito inayolingana na madhara hayo. Kusema "huyu ni wifi yangu, huonana kila juma" ni kueleza maisha yako mwenyewe. Kutaja dawa zake ni kutoa kilicho chake. Mtafiti mwema hutarajia uulize nani ataiona orodha, majina yatafutwa lini, ufunguo wa namba unatunzwa wapi, na kama waweza kutumia jina la kupanga au kuliacha swali. Kuliacha swali ni haki yako, na hakuharibu utafiti.

Fomu aliyoachiwa ilikuwa na namba ya simu. Tulipiga pamoja. Kijana aliyepokea alimsikiliza kwa heshima, akakubali kulifuta jibu la dawa. Kuhusu kumweleza wifi mwenyewe tuliongea kwa muda mrefu zaidi, na mama aliomba apewe nafasi hadi Jumapili.