Gari Hili Linalala Wapi?

Ukitaka ushauri wa gari Durban, usianzie kwa wauzaji wa Umgeni Road. Nenda kwenye maegesho ya ufukweni, mtafute mlinzi wa magari. Kuna uwezekano mkubwa akawa Mkongo, na Kiswahili chake kikawa cha Bukavu, Uvira au Lubumbashi. Wengi wao hulipa ada ya siku kwa mwenye kibali cha maegesho kabla hawajashika hata randi moja, kisha husimama juani mpaka jioni. Kwa kusimama huko wameona mengi: gari lipi linaacha oili chini, lipi haliwaki bila kusukumwa, mlango upi haufungi bila kupigwa teke.

Mimi ni fundi, hukagulia watu magari kabla hawajanunua. Siku moja nilikuwa nakagua Polo nyeupe aliyoitaka rafiki yangu. Iling'aa kama sahani ya harusi. Mlinzi mmoja wa pale akasogea, akaizunguka mara moja, akainua mpira wa mlango kwa ukucha. Chini yake rangi ilikuwa imevimba kama ngozi iliyoungua. "Mzee, usiangalie rangi," akaniambia. "Uliza hii gari inalalaka wapi."

Hilo ndilo swali, na sababu yake ni chumvi. Mawimbi yakipasuka hurusha matone madogo ambayo upepo huyapeleka mitaani. Maji hukauka, chumvi hubaki juu ya bati, na unyevu wa hewa ukipita kama asilimia 75 chumvi hiyo huanza kunywa maji kutoka hewani, hata kama mvua haijanyesha mwezi mzima. Usiku wa kiangazi Durban unyevu hufika hapo bila shida. Kwa hiyo gari lililolala karibu na bahari huamka likiwa limevaa tandiko la maji ya chumvi, na maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri kuliko maji matupu. Kutu ni kazi ya umeme mdogo kati ya sehemu moja ya chuma na nyingine. Ndiyo maana haianzii kwenye boneti unayoipiga nta kila Jumamosi. Huanzia kusikoonekana: chini ya mipira ya milango, ndani ya madigadi, kwenye mabomba ya breki, kwenye buti chini ya tairi la akiba, na pale waya wa ethi unapofungwa kwenye bodi. Taa zikipepesa bila sababu, wengi hubadilisha betri wakati kosa ni nati moja yenye kutu.

Watu wa Durban hupeana dawa nyingi za kutu, na msomaji wa pwani, wa Nyali au Shangani, atazitambua. Kupaka oili chafu chini ya gari: kweli huzuia maji, lakini hulainisha bushi za mpira mpaka zivimbe, na inayobaki inadondokea barabarani. Kufunika gari turubai: hapo nabisha kabisa. Turubai likifunika gari lenye chumvi, unyevu unafungiwa ndani pamoja nayo. Gereji isiyopitisha hewa ni vivyo hivyo. Bora gari lilale nje, penye upepo, na lioshwe chini kwa maji baridi ya bomba kila wiki. Nasema chini, maana vijana wa kuosha magari wanapenda kuosha panapoonekana.

Zamani namba ya gari ilikuwa ikijibu nusu ya swali la yule mlinzi. ND ilikuwa Durban, NP Pietermaritzburg, NPN Pinetown, na wanunuzi wa Johannesburg waliona ND wakaanza kushusha bei hapo hapo. Tangu Desemba 2023 namba mpya za jimbo la KwaZulu-Natal zinaishia ZN, na hazitaji mji. Sasa lazima ulale chali kwenye lami uangalie mwenyewe.

Wasomaji wa Lubumbashi huniuliza kuhusu magari ya Japani yanayoshushwa bandari ya Durban. Hayo yanapita tu kwenda kaskazini, kwa kuwa Afrika Kusini, isipokuwa kwa vibali maalumu, hairuhusu gari lililotumika nje kuingizwa na kusajiliwa humo. Lakini swali ni lile lile. Gari la Hokkaido limepita majira ya baridi kwenye barabara zilizomwagiwa chumvi kuyeyusha barafu, na linaweza kuwa limeoza chini kuliko la ufukwe wa South Beach hapa Durban. Karatasi ya mnada lilikouzwa Japani ikitaja kutu, iamini.

Mabishano mengine yasiyoisha ni ya petroli. Johannesburg, karibu mita 1,750 juu ya bahari, madereva wamezoea okteni 93. Durban pampuni ni 95. Utasikia kwamba 95 "ina nguvu zaidi". Haina. Okteni ni uwezo wa mafuta kuvumilia mgandamizo bila kujiwasha yenyewe. Kule juu hewa ni nyepesi, silinda inavuta kidogo, mgandamizo unapungua, na 93 inatosha injini ya kawaida. Ukishuka pwani hewa inakuwa nzito, gari linapata nguvu kweli, na dereva huyasifu mafuta ya Durban wakati anayestahili sifa ni hewa.

Na huko kushuka kwenyewe kuna somo. Septemba 2013 lori lilishuka mteremko wa Field's Hill, Pinetown, likashindwa kusimama, likavamia magari kwenye makutano, teksi za abiria zikiwemo. Watu 24 walikufa. Kwa gari dogo, ingiza gia ya chini kabla mteremko haujaanza, na ubadilishe mafuta ya breki kila miaka miwili. Mafuta hayo hunywa unyevu, na maji yaliyomo yakichemka pedali inazama miguuni.

Kisha kuna magari yaliyolala ndani ya maji. Mafuriko ya Aprili 2022 yaliua zaidi ya watu 400 na kuzamisha kiwanda cha Toyota cha Prospecton, kikafungwa kwa miezi. Magari ya watu binafsi yaliyozama mitaani ndiyo yanayonitia wasiwasi, kwa sababu matope kwenye plagi za waya hukaa kimya mwaka mzima kabla ya kuzima injini katikati ya barabara. Vuta mkanda wa kiti hadi mwisho wake: mafuriko huacha mstari wa tope pale ambapo hakuna anayefua. Angalia pia boliti za viti. Zikiwa na kutu kwenye gari la miaka minne, funga mlango uondoke.

Mwenye ile Polo alisema imelala Hillcrest, mlimani, maisha yake yote. Chini ya tairi la akiba tulikuta mchanga wa bahari na tundu la kutu la kupitisha kidole gumba. Rafiki yangu aliinunua hivyo hivyo, baada ya kupunguziwa randi 8,000. Siku hizi inalala South Beach, mita mia mbili kutoka majini, na ameifunika turubai.