Dang'a na Afya ya Tumbo la Mtoto Mchanga

Mkulima wa pamba wa Sapiwi, wilayani Bariadi, anajua kwamba shamba lisilopandwa mapema huota magugu. Tumbo la mtoto mchanga nalo ni hivyo hivyo.

Mwaka 1899 Henri Tissier, wa Taasisi ya Pasteur mjini Paris, aligundua katika kinyesi cha watoto wanyonyao bakteria wenye manufaa, ambao leo huitwa bifidobakteria. Baadaye sababu ilibainika: maziwa ya mama yana sukari za aina maalumu ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzimeng'enya. Hizo ni chakula cha bakteria hao, nao huzigeuza kuwa asidi inayozuia vijidudu vya kuharisha.

Kwa hiyo dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya manjano, isikamuliwe na kumwagwa. Mtoto anyonyeshwe ndani ya saa 1 baada ya kuzaliwa, wala asipewe maji au uji kabla ya kutimiza miezi 6. Wakati wa palizi mama apunguziwe kazi, au aende na mtoto shambani apate kumnyonyesha. Dawa zenye bakteria zisitolewe pasipo shauri la daktari.

Vyama vya msingi vinaombwa kulieleza jambo hili mikutanoni, akina baba wakiwapo.