Je, Wajua? Gandhi na Mapambano Yasiyomwaga Damu

Mohandas Karamchand Gandhi alizaliwa Porbandar, magharibi mwa India, tarehe 2 Oktoba 1869. Wengi humkumbuka kwa uhuru wa nchi yake, ila mbinu yake ya kupinga dhuluma bila kurusha hata jiwe ilizaliwa Afrika, kisha ikaenea duniani.

Je, wajua kwamba nusura meli imwache Lamu? Mwaka 1893, akiwa wakili wa miaka 23 safarini kwenda Afrika Kusini, alishuka Lamu kuutazama mji na kuzungumza na makarani Wahindi wa posta. Wakati wa kurudi mkondo ulikuwa mkali, na mashua yake iliyojaa watu ikashindwa kushikilia ngazi ya meli. Rafiki akamkodia mashua nyingine kwa rupia 10. Alipofika, ngazi ilikuwa imeshapandishwa. Akavutwa juu kwa kamba. Kutoka hapo alipitia Mombasa, kisha Zanzibar.

Je, wajua kwamba aliwaongoza Wahindi kuchoma vitambulisho hadharani? Serikali ya Transvaal iliwalazimisha Wahindi kujiandikisha na kutoa alama za vidole. Tarehe 11 Septemba 1906, jijini Johannesburg, waliapa kutotii sheria hiyo. Tarehe 16 Agosti 1908, nje ya Msikiti wa Hamidia, vyeti zaidi ya 2,000 vilitiwa ndani ya chungu kikubwa cha chuma chenye miguu mitatu, vikamwagiwa mafuta ya taa na kuwashwa moto. Mwaka 1960 Albert Luthuli, kiongozi wa chama cha ANC cha Afrika Kusini, naye alichoma pasi yake ya utambulisho mbele ya watu kuupinga ubaguzi wa rangi.

Je, wajua kwamba chumvi iliutikisa utawala wa Waingereza? Sheria yao iliwakataza Wahindi kujitengenezea chumvi, na iliyouzwa ilitozwa kodi. Tarehe 12 Machi 1930 Gandhi aliondoka makao yake ya Sabarmati kwa miguu na wafuasi 78, wakatembea kilomita 385 hivi kwa siku 24 hadi pwani ya Dandi. Huko aliokota chumvi na kuvunja sheria. Alichagua chumvi kwa kuwa tajiri na maskini wote wanaihitaji. Mwaka huo watu zaidi ya 60,000 walifungwa.

Je, wajua kwamba mwanamke aliyewahi kuongoza mkutano Mombasa ndiye aliyeongoza maandamano makubwa ya chumvi baada ya Gandhi kukamatwa? Sarojini Naidu, mshairi, aliongoza kikao cha Kongresi ya Wahindi wa Afrika Mashariki mjini Mombasa mwaka 1924. Mei 1930 aliongoza maandamano ya kwenda kiwanda cha chumvi cha Dharasana. Safu baada ya safu, waandamanaji walisogea mbele, wakapigwa marungu yenye ncha za chuma, wala hakuna aliyeinua mkono kujikinga. Taarifa ya mwandishi Mmarekani Webb Miller ilichapishwa magazetini kote duniani.

Je, wajua kwamba Martin Luther King alikwenda India kujifunza zaidi kuhusu njia ya Gandhi? Wakiongozwa na King na kufuata njia hiyo, watu weusi wa Montgomery, Marekani, walisusia mabasi kwa siku 381 hadi ubaguzi wa viti ukaondolewa. Mwaka 1959 King alizuru India, akarudi na imani kubwa zaidi katika njia hiyo.

Je, wajua kwamba Gandhi hakupata Tuzo ya Nobel ya Amani? Luthuli alitunukiwa ya mwaka 1960, King ya mwaka 1964. Gandhi aliuawa kwa risasi tarehe 30 Januari 1948, na mwaka huo tuzo haikutolewa kwa mtu yeyote.

Je, wajua kwamba sehemu ya majivu yake ilimwagwa Jinja, Uganda, kwenye chimbuko la Mto Nile?

Je, wajua kwamba sanamu yake iliondolewa Chuo Kikuu cha Ghana mwaka 2018? Wahadhiri na wanafunzi walikumbusha maneno ya dharau aliyoandika kuhusu Waafrika akiwa kijana Afrika Kusini. Madai yao yalikuwa ya haki, nao waliyatetea kwa hoja na saini, si kwa mawe.

Tangu mwaka 2007 Umoja wa Mataifa huiadhimisha tarehe 2 Oktoba kuwa Siku ya Kimataifa ya Kutotumia Nguvu. Ikifika, wasimulie vijana wako habari za Johannesburg, Dandi na Montgomery, wajue kwamba kukataa kupiga si woga: kunataka maandalizi, nidhamu na moyo mgumu kuliko wa mwenye rungu.