Fundi wa Sauti na Moshi Anaouacha Nyuma

Vijana wengi wa siku hizi wakiulizwa wanataka kufanya kazi gani, hawajibu tena ualimu au ukarani peke yake. Wako wanaopenda vyombo vya muziki: spika, amplifaya, maikrofoni na nyaya. Mzazi humwona mwanawe kila Jumamosi akipanda juu ya lori la vyombo kwenda kwenye harusi ya kijiji cha mbali, na kurudi alfajiri ya Jumapili macho mekundu kwa usingizi. Mzazi huuliza, "Hiyo nayo ni kazi gani?"

Ni kazi, tena ni kazi ya ustadi. Katika nchi za Ulaya na Marekani wako mafundi wa sauti ambao mwaka mzima huzunguka na waimbaji, leo mji huu, kesho mji ule. Na huko ndiko lilikoanza kuulizwa swali ambalo yafaa nasi tulisikie: mtu ambaye kazi yake ni kusafiri na mizigo mizito, kuwasha mitambo na kupiga kelele usiku, ana wajibu gani juu ya hewa, ardhi na majirani wa mahali anapopita?

MIZIGO ILIVYOKUWA MIKUBWA

Zamani mizigo hiyo haikuwapo. Tarehe 15 Agosti 1965 kundi la Beatles kutoka Uingereza liliimba katika uwanja wa Shea huko New York mbele ya watu zaidi ya 55,000. Sauti zao zilipitia spika za uwanja wenyewe, zile zilizozoea kutangaza michezo. Watazamaji walipiga mayowe, na waimbaji wenyewe hawakuweza kujisikia vizuri.

Miaka tisa baadaye mambo yalikuwa yamegeuka kabisa. Mwaka 1974 kundi la Grateful Dead la Marekani lilizunguka na ukuta wa spika zaidi ya 600, wenye uzito wa tani zipatazo 75. Sauti yake ilisifiwa sana. Lakini kuubeba ukuta ule, kuusimamisha na kuubomoa kulikula fedha na nguvu za watu hata wakachoka, na gharama hiyo ilikuwa moja ya sababu za kundi kupumzika safari mwisho wa mwaka ule.

Tangu hapo vyombo vimekuwa vyepesi na bora zaidi, lakini tamaa imekua pamoja navyo. Siku hizi kundi kubwa hubeba sauti, taa, picha za ukutani na jukwaa lake lenyewe katika malori mengi, na pengine katika ndege. Kila lita moja ya dizeli iunguzwayo hutoa kilo 2.7 hivi za hewa ya ukaa. Hewa hiyo hukaa angani miaka mingi ikizuia joto lisitoke, na mkulima wa mbali asiyeusikia muziki huo hushiriki hasara yake mvua zinapoharibika.

WALIOANZA KUJIULIZA

Mwezi Novemba 2019 kundi la Coldplay la Uingereza lilisema kwamba halitafanya safari kubwa mpaka lijue namna ya kusafiri bila kuharibu mno. Liliondoka tena Machi 2022, likianzia nchi ya Costa Rica. Lilibeba betri kubwa zilizotokana na betri za motokaa za umeme, ili kupunguza kazi ya jenereta. Juni 2024 lilitangaza kwamba hewa chafu itokanayo na maonyesho na safari zake lenyewe imepungua kwa asilimia 59 kwa kila onyesho, ikilinganishwa na safari yake ya 2016 na 2017. Si kila mtu aliyesifu. Wengine walisema kwamba safari ndefu za ndege bado ni safari za ndege, na kwamba kampuni za mafuta hupenda kujisafisha jina kwa kuwashika mkono waimbaji.

Kundi jingine, Massive Attack la mji wa Bristol, liliwaomba wataalamu wa Kituo cha Tyndall cha Chuo Kikuu cha Manchester wachunguze safari za muziki tangu mwanzo hadi mwisho. Taarifa yao ilitoka mwaka 2021. Kisha tarehe 25 Agosti 2024 kundi hilo lilifanya onyesho nyumbani kwao Bristol. Umeme ulitoka katika betri badala ya jenereta za dizeli. Watazamaji hawakutengewa mahali pa kuegesha motokaa, bali treni za ziada ziliwekwa kuwarudisha watu usiku. Na wakaao karibu walipewa nafasi ya kwanza ya kununua tiketi.

Kwa nini kuhangaika na treni na tiketi? Kwa sababu hesabu ndiyo isemavyo. Uchunguzi juu ya muziki wa Uingereza kwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba sehemu kubwa kupita zote, asilimia 43 hivi, ilitokana na safari za watazamaji wenyewe. Msemaji wa kweli hana budi kukubali jambo hilo: fundi wa sauti hata akijitahidi namna gani, hawezi kuyaondoa yote.

JE, BASI AKAE KIMYA?

Hapa ndipo penye ugumu. Fundi wa safari si mwenye kundi. Hapangi miji, hauzi tiketi, hachagui ndege. Mara nyingi huajiriwa kwa safari moja tu, na akisema sana huenda safari ijayo asiitwe. Ana watoto wanaohitaji karo. Ni rahisi ajisemee, "Mimi ni mtumishi tu, wenye mali na waamue."

Lakini mtumishi naye ana shamba lake dogo ndani ya shamba kubwa. Yako mambo ambayo hakuna mwingine ayaamuaye ila yeye, na tutayataja machache.

La kwanza ni uzito. Fundi ndiye aandikaye orodha ya vyombo avihitajivyo. Akiandika kwa majivuno, lori la pili litahitajika. Zamani nyaya za kutoka jukwaani hadi kwenye meza ya fundi zilikuwa fungu nene la shaba ambalo mtu mmoja hawezi kulibeba. Siku hizi waya mmoja mwembamba hupitisha sauti zote. Tena meza za siku hizi huhifadhi mipango yote ya fundi katika kijiti cha kumbukumbu kisichozidi kidole. Basi kama ukumbi wa mji ule una meza ya aina ile ile, kuna haja gani ya kusafirisha nyingine? Wataalamu wa Manchester nao walishauri vivyo hivyo, kwamba vyombo vikae kumbini na watu wavitumie kwa zamu.

La pili ni nguvu. Sikio la binadamu lina tabia ya ajabu. Ukitaka lisikie sauti kuwa kubwa mara mbili, yakupasa kuongeza nguvu ya amplifaya karibu mara kumi. Na uwanjani, kila umbali kutoka kwenye spika unapokuwa maradufu, sauti hupungua desibeli 6 hivi. Kwa hiyo fundi atakaye kuwafikia watu wa nyuma kwa kuongeza nguvu mbele huwaumiza wa mbele, na umeme hupotea bure. Fundi mwenye akili huweka spika ndogo katikati ya watu. Kwa kuwa sauti husafiri mita 340 hivi kwa nukta moja, huichelewesha kidogo sauti ya spika hizo za katikati, ili zisitangulie zile za mbele na kuleta mwangwi. Hivyo wote husikia, wala hakuna aumiaye.

La tatu ni betri. Maikrofoni nyingi zisizo na waya hutumia betri mbili ndogo. Wako mafundi waliozoea kutia mpya kila onyesho na kuzitupa za jana, ingawa bado zina nguvu. Piga hesabu: maikrofoni 20 ni betri 40 kwa usiku mmoja, na kwa maonyesho 50 ni betri 2,000. Betri za kuchajiwa huweza kurudiwa mara mamia. Bei yake ni kubwa siku ya kwanza, lakini fundi ajuaye hesabu huonyesha katika kitabu kwamba baada ya muda zimejilipa.

La nne ni jenereta. Mara nyingi watu hukodi jenereta kubwa kupita haja, kwa hofu ya kuzimikiwa. Kumbe injini ya dizeli inayofanya kazi ndogo mno kwa muda mrefu haichomi mafuta vizuri. Masizi hujaa ndani yake, moshi huongezeka, na injini huharibika mapema. Fundi aliyepima kwa kweli umeme wa vyombo vyake na kumwambia mwenye jenereta hesabu sahihi amepunguza dizeli na moshi kabla ya wimbo wa kwanza.

La tano ni masikio ya watu. Uharibifu wa mazingira si moshi peke yake, bali hata kelele. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba mahali pa muziki wastani wa sauti kwa dakika 15 usizidi desibeli 100. Mkono ulio juu ya kitufe cha sauti ni wa fundi.

NAMNA YA KUSEMA NA BWANA MKUBWA

Msomaji atauliza, "Na mwenye kundi akikataa?" Mafundi wenye busara hawaanzi kwa kumhubiria mwajiri wao. Huja na karatasi yenye hesabu: dizeli ilikuwa lita hizi, sasa yatosha lita hizi, mizigo ilijaza malori mawili, sasa yatosha moja. Mwenye mali ambaye masikio yake hayasikii habari za hewa ya ukaa husikia vizuri habari za mfuko wake. Si hila hiyo, kwa sababu pande zote mbili zapata faida. Na pale akataapo kabisa, fundi ametimiza lililo lake. Dhamana iliyobaki ni ya aliyekataa.

NA SISI HUKU KIJIJINI

Msidhani, ndugu zangu, kwamba haya ni ya Wazungu na malori yao tu. Sheria za sauti hazibadiliki kwa kuvuka bahari. Sisi tushughulikao na kukodi vyombo kwa sikukuu za parokia twajua jinsi dizeli inavyokula sehemu nzuri ya michango. Kabla ya kukodi, tumwulize fundi: Jenereta lako ni la nguvu gani, na vyombo vyako vyahitaji kiasi gani? Tusimpende yule ajibuye kwa majivuno. Tumpende ajibuye kwa tarakimu.

Jenereta liwekwe mbali na watu, mahali ambapo upepo huchukua moshi upande usio na nyumba, tena kamwe lisiwekwe ndani ya chumba, maana moshi wake huua kimya kimya. Mafuta machafu ya injini yasimwagwe ardhini karibu na kisima. Betri zilizokwisha zisitupwe shambani wala zisichomwe moto. Wala betri za gari zisivunjwe na watoto, kwa kuwa zina risasi, nayo ni sumu iharibuyo akili za watoto.

Na spika zielekezwe kwa wageni walioalikwa, si kwa kijiji kizima. Nyuma ya ukuta yumo mgonjwa, yumo mama aliyejifungua juzi, yumo mwanafunzi mwenye mtihani kesho. Hapa Tanzania kelele zina kanuni zake chini ya Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004, lakini ujirani mwema haungoji askari.

Basi, mzazi mwenye kijana apendaye spika na nyaya, usimvunje moyo. Mwambie ajifunze hesabu na habari za umeme shuleni, maana fundi asiyejua hesabu huziba ujinga wake kwa makelele. Umfundishe pia kwamba ustadi haupimwi kwa mtikisiko wa mabati ya jirani. Fundi hodari ni yule ambaye watu waliokuja wamesikia kila neno, na asubuhi, akiisha kuondoka, kiwanja ni kisafi, maji ya kisima ni yale yale, na jirani asiyealikwa ameamka amelala vizuri.