Fimbo ya Mbali na Kimondo cha Mbozi

Wahenga wetu walisema kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. Hatuwakosoi wahenga, lakini katika mambo ya anga fimbo ya mbali imekwisha kufika pale ambapo mkono wa binadamu haujapata kugusa.

Mwaka 2016 Marekani ilirusha chombo kisicho na mtu, OSIRIS-REx, kiende kwenye sayari ndogo iitwayo Bennu. Tarehe 20 Oktoba 2020 kilinyoosha mkono wake kikachota mchanga na kokoto, kikiwa umbali wa kilomita zaidi ya milioni 320 kutoka kwetu. Amri iliyopelekwa kwa mawimbi ya redio ilichukua dakika 18 na nusu kukifikia. Lau waongozaji wangengoja kuona jabali katika picha ndipo waamuru "Rudi!", amri yao ingekikuta kimekwisha vunjika. Kwa hiyo kilifundishwa mapema: kilichukua ramani, kikalinganisha ramani hiyo na picha kilizopiga, na kikapewa idhini ya kurudi nyuma chenyewe kikiona hatari. Kumbe kuongoza mtambo wa mbali si kushika usukani. Ni kuyawaza leo mashaka ya kesho.

Tarehe 24 Septemba 2023 mzigo ule uliteremka katika jangwa la Utah. Ulipopimwa, ulikuwa gramu 121.6 tu, na wataalamu walishangilia.

Sasa twawageukia wasomaji wetu wa Isongole. Msafiri akitoka kwenu mpakani, akashika njia ya Mpemba, kisha barabara kuu ya kuelekea Mbeya, hafiki Mbeya kabla ya kukutana na njia ya Ndolezi, wilayani Mbozi. Huko kimelala kimondo chenye urefu wa mita 3, kilichoingizwa katika kumbukumbu za wataalamu tangu 1930, na ambacho uzito wake hukadiriwa kuwa kati ya tani 12 na 16. Sehemu 90 hivi katika mia ni chuma, na karibu zote zilizobaki ni nikeli. Wenzetu wamesafiri miaka saba kuleta gramu. Sisi tumeletewa matani mlangoni bila nauli.

Hatusemi kwamba safari zile ni bure. Mchanga wa Bennu haukupata kunyeshewa mvua yetu. Kimondo chetu kilipita katika moto wa anga na kulala udongoni. Kila kimoja kina ushahidi wake. Wataalamu huamini kwamba vimondo vingi vya chuma ni vipande vya viini vya sayari ndogo zilizovunjika zamani. Ili kulichunguza jambo hilo, Oktoba 2023 chombo kiitwacho Psyche kilirushwa kuelekea sayari ndogo yenye madini mengi, nacho kinatazamiwa kufika 2029.

Tungesikitika kama mwaka huo watoto wa Songwe watakuwa watazamaji tu, waliopiga picha mbele ya kimondo wasijue kinasema nini. Twatoa rai kwa walimu: wapelekeni Ndolezi. Na shuleni, mwanafunzi mmoja aandike amri kumi, mwenzake aliyefungwa macho asomewe na azifuate hadi kwenye jiwe lililowekwa uwanjani, bila kusahihishwa njiani. Akilikosa jiwe, mwandishi wa amri arudi kuwaza upya. Somo hilo halihitaji fedha, na ndilo mwanzo wa kazi yenyewe.