Mkono kuvimba baada ya saratani ya matiti: Je, nitashika jembe tena?

Upasuaji umepita. Dripu za tibakemikali zimeisha, mionzi nayo imeisha, nywele zimeanza kuota upya. Mama amerudi nyumbani Sengerema na majirani wameshakuja kumpa pole. Halafu asubuhi moja anachukua bangili yake ya siku zote, inagoma kupita kwenye kiganja.

Wa kwanza anamwambia saratani imerudi. Wa pili anasema hayo ni matende. Wa tatu anashusha sauti: hapo kuna mkono wa mtu.

Mara nyingi sababu si hizo. Uvimbe huu una jina, limfedema, na unatokana na matibabu yenyewe yaliyookoa maisha. Hauponi moja kwa moja, lakini unadhibitika. Ukiwahiwa, mtu anaweza kuishi nao miaka na miaka akilima, akipika na akilala vizuri.

Kwa nini mkono unavimba?

Damu inapozunguka mwilini, majimaji kiasi huvuja na kubaki kwenye nyama. Kuna mishipa myembamba ambayo kazi yake ni kuyakusanya majimaji hayo, yaani limfu, na kuyarudisha kwenye damu. Njiani yanachujwa kwenye tezi ndogo mfano wa punje za maharage. Ni zile ambazo zikivimba tunasema mtu ana mitoki. Limfu ya mkono hupitia tezi za kwapani.

Saratani ya matiti ikianza kusambaa, mara nyingi kituo chake cha kwanza ni tezi hizohizo. Ndiyo maana daktari huzitoa wakati wa upasuaji, na wakati mwingine eneo hilo hupigwa mionzi, ambayo huacha makovu ndani. Njia za limfu zinapungua, lakini majimaji yanaendelea kuja kila siku. Ni kama mtaro ulioziba nusu: mvua ndogo inapita, mvua kubwa maji yanafurika.

Kwa hiyo jirani aliyetaja matende hakuwa mbali sana. Matende nayo hutokana na mishipa ya limfu kuharibika, ila huko mharibifu ni minyoo inayoletwa na mbu.

Nani yuko hatarini?

Kwa wanawake waliotolewa tezi nyingi za kwapani, takriban mmoja kati ya watano hupata uvimbe huu. Kwa waliotolewa tezi chache tu za kupima, ni kama 6 kati ya 100. Mionzi ya kwapani, unene na maambukizi kwenye mkono huongeza hatari.

Hapa kwetu jambo hili lina uzito wake. Saratani ya matiti ni ya pili kwa wanawake Tanzania, nyuma ya saratani ya mlango wa kizazi, na wagonjwa wengi hufika hospitali ugonjwa ukiwa hatua ya tatu au ya nne. Kadiri mtu anavyochelewa, ndivyo tezi zinavyolazimika kutolewa kwa wingi.

Uvimbe unaweza kuanza wiki chache baada ya upasuaji, au baada ya miaka. Wengi huuona ndani ya miaka mitatu ya mwanzo.

Dalili za mapema

Usisubiri mkono uwe kama gogo. Dalili za mwanzo ni ndogo:

- Mkono unahisi mzito au umejaa, hasa jioni.
- Pete, bangili au mkono wa gauni vinabana upande mmoja.
- Ukibonyeza ngozi kwa kidole, kishimo kinabaki.
- Ngozi inavuta, kiwiko au vidole havikunji vizuri.

Kipimo cha nyumbani ni futikamba ya fundi cherehani. Weka alama sentimita 10 juu ya kiwiko na sentimita 10 chini yake, kisha zungushia futikamba kwenye mikono yote miwili. Andika namba na tarehe. Rudia kila mwezi, saa ileile ya siku. Tofauti ikifika sentimita 2 kuliko ilivyokuwa, nenda hospitali hata kama hauumi.

Hatua hii ya mwanzo ndiyo ya kuwahi. Uvimbe ukiwa bado ni maji, hurudi chini kwa urahisi. Ukikaa muda mrefu, ndani hujengeka mafuta na nyama ngumu, na hapo kazi huwa kubwa zaidi.

Tiba ina nguzo nne

*Kubana.* Mtaalamu hufunga mkono kwa bandeji maalumu, na ukishapungua humpimia mgonjwa soksi ya mkono ya kuvaa mchana. Usijifunge mwenyewe kwa kitambaa au bandeji ya kawaida bila kufundishwa. Ukikaza vibaya, maji yanakimbilia kwenye vidole.

*Kupapasa.* Si kukanda. Limfu ipo karibu kabisa na ngozi, kwa hiyo mkono hupapaswa polepole kuelekea sehemu ambazo tezi bado ni nzima. Fundishwa kwanza, kisha fanya nyumbani.

*Kutunza ngozi.* Osha kwa sabuni, kausha hadi katikati ya vidole, paka mafuta isipasuke.

*Mazoezi.* Misuli ikikaza na kulegea, inasukuma limfu kama pampu. Hapa ndipo penye ubishi.

"Usibebe kitu tena maisha yako yote"

Kwa miaka mingi hilo ndilo wanawake waliloambiwa, duniani kote. Sasa mwambie hivyo mwanamke wa Sengerema anayelima mihogo na mpunga, anayechota maji, anayeanika dagaa mwaloni. Umemwambia aache kuishi. Matokeo yake ama anakaa ndani akiwa mzigo kwa watu, ama anafanya kazi zote kwa kujificha huku akiogopa.

Utafiti umeonyesha picha tofauti. Mwaka 1996 daktari wa michezo wa Canada, Don McKenzie, aliwachukua wanawake 24 waliopona saratani ya matiti jijini Vancouver, akawafundisha kupiga makasia kwenye mtumbwi mrefu. Kupiga kasia ni kazi ileile ya mikono iliyokuwa inakatazwa. Msimu ukaisha, hakuna hata mmoja aliyepata uvimbe mpya. Leo timu za wanawake wa aina hiyo zipo nchi nyingi.

Hiyo ilikuwa timu moja tu. Mwaka 2009 jarida la tiba la New England Journal of Medicine la Marekani likachapisha utafiti mkubwa zaidi, wa wanawake 141 ambao tayari walikuwa na mkono uliovimba. Nusu walinyanyua vyuma mara mbili kwa wiki kwa mwaka mzima, wakianza na uzito mdogo sana na kuongeza kidogo kidogo, huku wamevaa soksi ya mkono. Hali ilizidi kuwa mbaya kwa asilimia 14 ya walionyanyua. Kwa wasionyanyua, asilimia 29.

Kumbe mkono unaopumzishwa moja kwa moja unadhoofika, na siku ukilazimika kubeba ndoo ndipo unaumia. Mkono uliozoeshwa taratibu unastahimili.

Anza hivi

Muulize kwanza daktari au mtaalamu wa fiziotherapia. Akikuruhusu:

- Kunja ngumi na kuifungua, kunja kiwiko na kukinyoosha, mara 10. Vuta pumzi ndefu katikati.
- Simama mbele ya ukuta, pandisha vidole polepole hadi mkono uishie juu unapoweza.
- Beba chupa ya maji ya nusu lita. Ukizoea kwa wiki kadhaa bila uvimbe kuongezeka, nenda lita moja.
- Jembe lianze na dakika 15, kisha pumzika. Kesho yake mkono ukiamka mzito au umejaa, punguza. Ukiamka sawa, ongeza kidogo.
- Kama una soksi ya mkono, ivae wakati wa kazi.

Ndoo ya lita 20 si ya wiki ya kwanza. Na siku ya kufua nguo za nyumba nzima, gawa kazi mara mbili.

Vitu vya kuepuka

- Kukanda kwa maji ya moto. Ndiyo dawa ya kwanza inayokuja akilini kwa wengi wetu. Lakini joto huongeza majimaji mkononi, na baada ya upasuaji ngozi ya kwapa na mkono wa juu mara nyingi imekufa ganzi. Unaweza kuungua bila kuhisi.
- Chale na kuumikwa. Kila mkato ni mlango wa vijidudu kwenye mkono ambao ulinzi wake umepungua.
- Dawa za kukojoza. Hazitibu uvimbe wa limfu. Usijinunulie duka la dawa.
- Majeraha madogo. Mwiba wa sato, kisu cha kumenyea mihogo, moto wa jiko. Vaa glavu. Ukikatwa, osha kwa maji safi na sabuni, funga, na usiingize kidonda ziwani.

Sindano na kipimo cha presha, omba vifanyike mkono mwingine pale inapowezekana.

Nenda hospitali siku hiyohiyo ukiona

- Mkono umekuwa mwekundu au umeiva, una moto, unauma, na homa imepanda. Hayo ni maambukizi, yanahitaji antibayotiki haraka.
- Uvimbe umekuja ghafla na maumivu makali. Huenda damu imeganda kwenye mshipa.

Ukipapasa uvimbe mgumu kwapani, kifuani au shingoni, au mkono ukipoteza nguvu, usisubiri tarehe ya kliniki. Mara chache, mkono kuvimba ni dalili ya saratani kurudi, na ni daktari tu wa kukutoa wasiwasi.

Kwa mtu wa Sengerema, pa kuanzia ni hospitali ya wilaya, na rufaa huelekea Bugando, Mwanza mjini. Zamani safari hiyo ilimaanisha kusubiri kivuko pale Busisi. Tangu Juni 2025, Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi lenye urefu wa kilomita 3 linavukwa kwa dakika chache tu kwa gari. Ukifika, usiseme tu "mkono unauma". Sema: nilitolewa tezi za kwapani, mkono umeanza kuvimba, naomba kuonana na mtaalamu wa fiziotherapia. Beba na karatasi yako ya vipimo.

Kwa wanafamilia

Mkono uliovimba unachosha moyo pia. Kuna mwanamke anaacha kwenda kanisani au msikitini kwa sababu gauni haliingii. Mwingine hataki hata mumewe auone. Fundi anaweza kupanua mkono mmoja wa gauni, hilo ni dogo. Kubwa ni kuacha kumuuliza "mbona hauponi?" na kumuuliza "leo nikusaidie kubeba nini?"

Na kama wewe ndiye mwenye mkono huo, futikamba inatosha kuanzia. Pima mikono yote miwili leo, andika tarehe.